Kipimo cha Pili cha Bi Asumini

Tarehe kumi na nne Juni mwaka huu, baada ya sala ya alasiri, alizikwa Bi Asumini binti Mfaume wa Newala, na mimi nikawa nimempoteza somo yangu. Kwa msomaji asiye wa kwetu, somo ni mwanamke anayekaa na msichana wakati wa unyago, akamfundisha na kumtunza, na baada ya hapo hawaachani tena. Akiugua unamuuguza. Ukijifungua, yeye ndiye wa kwanza kuingia chumbani. Si mama, wala huwezi kumwita rafiki. Siku ya pili ya matanga nilikuwa uani nasugua sufuria kwa majivu, nikasikia wanawake wawili nyuma yangu, wasichana kwa umri wangu wa leo, wanaongea huku wanachambua mchele. "Ndiye huyu aliyekuwa na hoteli pale stendi? Wa wale watoto?" "Ndiye. Walimpima hospitali, mara wakasema hana, mara wakasema anacho. Hata wenyewe hawakujua wanapima nini." "Walihongwa hao." "Amhonge nani, na nini? Bibi wa watu alikuwa na masufuria tu." Wakacheka kidogo, kama watu wanavyocheka matangani, wakahamia kwenye bei ya korosho. Sikugeuka. Lakini sufuria ile niliisugua muda mrefu kuliko ilivyohitaji, maana mimi najua walikuwa wanapima nini. Vioo walivyopimia niliviosha kwa mikono yangu. Bwana Nandonde, fundi wa maabara, alishatangulia. Daktari alirudi kwao zamani na sijui kama yu hai. Nimebaki mimi, niliyeishia darasa la saba, na nitaeleza kadiri nilivyoelewa. Nisipoelewa nitasema.

Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kupanda Newala na mizani zao, na maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa sabuni, mafuta na vitenge kwa ghafla hata watu wakaogopa kununua. Nilikuwa na mtoto mmoja, Hamisi, na kazi ya kuosha vioo katika hospitali moja ya misheni huku bondeni, upande wa Masasi. Jina lake naliacha. Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya wavu, meza ya saruji, jokofu la mafuta ya taa lililonuka utambi, na kabati la mbao lenye taa ndani ambalo tuliliita kabati la joto. Humo ndimo tuliotesha vijidudu. Asubuhi nilichemsha rojo la mwani na supu ya nyama, nikalimimina kwenye sahani ndogo za kioo, likaganda kama uji uliolala. Bwana Nandonde alipaka juu yake kwa kitanzi cha waya kile kilichotoka kwa mgonjwa, na kesho yake palikuwa na vitone kama umande. Chumba kizima kilinuka supu. Wagonjwa waliokaa kwenye benchi nje walikuwa wakiniuliza, "Mama Hamisi, leo mnapika nini?" Nikawajibu kwamba chakula hiki mkikila hamtarudi.

Bwana Nandonde alikuwa Mmakua wa Masasi, mtu mrefu, mwenye maneno machache na mashati matatu. Yote matatu kola zake zilikuwa zimegeuzwa. Vijana hawajui jambo hili. Miaka ile ya uhaba, kabla ya ruksa, shati lilipolika kola kwa jasho hukulitupa. Ulilipeleka kwa fundi cherehani barazani, akafumua ile kola pande zote mbili, akaigeuza ya ndani ikawa nje, akaishona palepale ilipotoka. Hakuongeza kitambaa wala hakupunguza. Ukivaa, watu wanadhani una shati jipya. Mitumba ilipoingia kwa marobota, mafundi wa Masasi waliacha kazi hiyo wakabaki kuweka zipu, lakini Bwana Nandonde hakuacha. Daktari, mgeni kutoka ng'ambo aliyesema Kiswahili cha kitabu, alimtania siku moja tunakula mihogo ya kuchemsha koridoni: "Bwana Nandonde, soko limejaa mashati sasa." Akamjibu bila kuinua macho, "Shingo yangu haijapata habari ya ruksa, Daktari." Daktari alicheka mpaka akapaliwa, na mimi nilimletea maji.

Bi Asumini yeye ruksa ilimpata vizuri. Alikuwa mpishi wa shughuli tangu nimjue. Harusi, jando, hitima, kokote uwandani huko juu Newala, mpaka Tandahimba walikuwa wakimfuata. Magari ya wanunuzi yalipoanza kulala Newala, alifungua hoteli pale stendi, kibanda cha udongo chenye mabenchi mawili, chai na maandazi asubuhi, mchana ugali wa makopa ya muhogo na kisamvu cha karanga kilichomfanya dereva mmoja aseme atamhamishia mke wake pale akafundishwe. Mlangoni aliweka bakuli kubwa la bati la kunawia. Atakayesoma haya akiwa mahali penye bomba ataona ajabu, lakini uwanda wetu hauna maji. Wakati ule yalipandishwa kutoka bondeni kichwani, na mtu aliyekumiminia maji mikononi yakamwagika chini ulimwona mharibifu. Wote tulinawa kwenye bakuli moja, mkubwa kwanza, mpaka maji yakawa na rangi. Utingo mmoja alimwuliza mbele yangu, "Bi mkubwa, maji haya yameshanawa watu wangapi?" Akamwambia, "Wote wazima kuliko wewe. Nawa ule, gari lako linapiga honi."

Mwaka ule, mabibo yalipokuwa yanaoza chini ya mikorosho, watoto wa mtaa wake wakaanza kuugua homa. Haikuwa homa ya kupanda na kushuka tuliyoizoea. Ilipanda ikakaa. Wengi walipona. Aliyekufa ni Zuhura, mjukuu wa Bi Asumini mwenyewe, mtoto ambaye hata jino la kwanza la utoto lilikuwa halijang'oka, aliyelala naye kitanda kimoja na kula naye sahani moja. Walimshusha hospitali kwa gari la mnunuzi. Walimtoa damu wakaitia kwenye chupa yenye supu yetu, na chupa ilipochafuka, kuonyesha kwamba kuna kitu kimeota, Zuhura alikuwa ameshapandishwa Newala amefungwa kanga. Niliiosha chupa ile baadaye. Naandika hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mle ndani ya damu ya Zuhura, na ya watoto wengine wawili waliolazwa, kilikuwepo kijidudu kimoja cha jamii ya taifodi, ingawa si taifodi yenyewe. Bwana afya alipouliza watoto walikula wapi, kila mama alitaja maandazi ya stendi. Kwa hiyo wakamtaka Bi Asumini apimwe choo, maana mtu anaweza kubeba kijidudu hicho tumboni naye ni mzima kabisa. Hakuna mwanaume aliyethubutu kumwomba. Nilitumwa mimi. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka wa msiba, miguu ameinyoosha, nikamwamkia, nikasema nilichotumwa. Alinitazama muda. "Choo changu? Watu wazima na makoti meupe, mnaomba choo?" "Ndiyo, somo." "Mkakipake wapi?" Nikasema, "Kwenye sahani." Hapo alicheka, mara ya kwanza tangu mtoto afe, na wanawake waliokaa naye wakacheka kwa sababu yeye amecheka. Kisha akaniegemea sikioni, hakuna mwingine aliyesikia, akasema, "Kitasema kama ni mimi niliyemlisha?" Nilimpa kopo, nikakaa naye mpaka jioni.

Choo chake kiliota kijidudu cha jamii ileile. Lakini jamii moja ina watu wengi, na ili kujua kama ni yuleyule, Bwana Nandonde alikuwa na vichupa vya seramu, maji ya kutambulia vijidudu, vilivyotoka ng'ambo. Vijidudu hivi vina mikia ya kuogelea. Ukitia tone la seramu kwenye kioo, ukakoroga na kijidudu chenye mkia unaojulikana na seramu hiyo, vinashikana vinakuwa madonge, kama maziwa yanapokatika. Cha Zuhura kilikatika kwa seramu ya kwanza. Cha Bi Asumini kwa seramu hiyo kilibaki laini, kikakatika kwa nyingine. Nilisimama nyuma ya bega la Bwana Nandonde nikaona kwa macho yangu. Daktari alisema, "Bado. Inabidi tukigeuze kwanza," lakini seramu ya kufanyia hiyo kazi ilikuwa imebaki ya kulowesha kidole, na kifurushi kingine kilikuwa njiani, hakuna ajuaye lini kingefika Mtwara. Bwana Nandonde aliosha mikono, akaniambia, "Yule mama hajalala usingizi. Mwambie kwa sasa havifanani." Daktari hakumkataza.

Nilipanda Newala siku hiyohiyo. Nilisema neno kwa neno kama nilivyotumwa, na lile "kwa sasa" nililisema. Lakini yeye alilichukua lile la "havifanani" peke yake, akalifunga kifuani. Alinishika mikono yote miwili, akaiweka usoni kwake. Hakulia. Alisema, "Basi siyo mkono wangu," akajilaza palepale kwenye mkeka akalala, mchana, watu wakipita, nami nikakaa kumfukuzia nzi. Alipoamka aliuliza kama nimekula. Wiki iliyofuata alifungua hoteli, akaanza kukusanya vitu vya arobaini ya Zuhura: makopa, mbaazi, mchele, mbuzi wawili kutoka kwa shemeji yake. Alisema atapika mwenyewe, hataki mpishi wa kuazima kwa mtoto wake. Kila aliyemwuliza habari za hospitali alimwambia, kwa sauti, mlangoni kwake, "Wamenipima, havifanani." Nimelifikiria neno lile "kwa sasa" kwa miaka mingi. Tulidhani tumempa neno dogo la kumtuliza, kumbe yeye alishajenga nyumba juu yake.

Kifurushi kilifika arobaini ikiwa imekaribia. Siku hiyo ndipo nilipoelezwa kugeuza ni nini. Daktari alichukua ukanda wa karatasi, akauchora alama, akasema kwamba kila kiumbe kina maandishi marefu ndani yake ya namna ya kujijenga, na kijidudu hiki nacho kina yake. Akakata kipande katikati ya ukanda, akakipindua juu chini, akakigandisha tena palepale. Ndani ya kijidudu, alisema, kuna kifanyakazi kinachofanya hivyo hasa: kinakamata ncha mbili, kinakata, kinageuza kipande, kinaunga. Kipande hicho kina amri ndani yake. Kikitazama huku, amri inaangukia kwenye mkia wa aina moja, na mkia wa pili unazuiwa. Kikitazama kule, amri inaangukia patupu, na ule mkia wa pili unajitokeza. Mimi nilitazama karatasi, nikaona karatasi. Bwana Nandonde ndipo alipojishika shingo. "Mama Hamisi, hii kola. Imefumuliwa huku na huku, imegeuzwa, imeshonwa. Nikipita barabarani, mtu aliyenijua kwa kola atasema huyu si Nandonde." Daktari aliacha mkasi mezani, akaja akaishika ile kola kwa vidole viwili kama anakagua kitambaa dukani. Alisema, "Ndiyo. Ni hivi kabisa." Akaongeza kwamba hata virusi, vile vidogo zaidi vinavyowaingia vijidudu wenyewe na kuwaua, baadhi yao wana fundi wa namna hiyohiyo, ila wao wanageuza miguu wanayoshikia, ili asiyeshikika leo ashikike kesho. Nilimwuliza kama kijidudu kinafanya makusudi, ili kijifiche. Akasema hapana, hakijui chochote. Katika maelfu, wachache wanageuka tu, muda wote, hata pasipo na adui. Siku hizi mtoto wa kaka yangu, anayefundisha sekondari, ameniambia kifanyakazi hicho kwa Kiswahili ni kimeng'enya, na yale maandishi ndiyo DNA inayosemwa redioni kila mtu anapokataa mtoto. Nilifurahi kupata jina. Lakini nikikifikiria namwona fundi cherehani.

Kukigeuza kijidudu hukigeuzi wewe. Unachofanya ni kuwatafuta wale wachache waliokwisha kugeuka. Nilipika rojo laini, lisiloganda vizuri, Bwana Nandonde akatia ndani seramu iliyoukamata mkia wa kijidudu cha Bi Asumini. Akasimamisha katikati ya chupa kibomba cha kioo kilicho wazi juu na chini, kichwa chake kikitokeza nje ya rojo, na ndani ya kibomba hicho akapanda kijidudu. Wenye mkia ule unaojulikana wananaswa hapohapo, hawasogei. Mwenye mkia wa pili seramu haimjui, anaogelea kushuka, anatokea chini ya kibomba, anapanda upande wa nje. Kesho yake unachota juu, nje ya kibomba, wale waliopita. Cha Zuhura nacho tulikifanyia hivyohivyo, kwa seramu yake. Asubuhi nilifika kabla ya Bwana Nandonde, nikatazama kwenye mwanga wa dirisha. Nje ya vibomba vyote viwili rojo lilikuwa na ukungu. Walikuwa wamepita.

Alipotia tone kwenye kioo, kijidudu cha Bi Asumini, kile kilichokataa, kilikatika madonge kwa ile seramu ya kwanza, iliyokikata cha Zuhura. Na cha Zuhura kikakatika kwa ile ya Bi Asumini. Kilikuwa kijidudu kimoja. Alirudia mara nyingine, kwa kioo kingine, anapumua kwa mdomo. Daktari alitazama, akakaa kwenye kiti changu cha kuoshea vioo. Kesho yake ilikuwa arobaini. Akauliza, "Atapika kwa watu wangapi?" Nikasema, "Mtaa mzima, na wa Tandahimba wanakuja." Nikaongeza neno moja, na sijutii kulisema, "Mtoto ameshakufa. Tukimwambia keshokutwa itakuwaje?" Bwana Nandonde alijibu kwa upole kabisa: "Watakuja na watoto wao, Mama Hamisi." Akavua koti. "Neno la kwanza nilikutuma peke yako. Hili twende wote."

Tulifika Newala kwa gari la hospitali jua limeanza kulegea. Uani kwa Bi Asumini kulikuwa kumejaa. Wanawake wanatwanga makopa kwa kupokezana, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, na mtani wao mmoja, mama wa Kiyao mnene, anazunguka anawatukana kama desturi ya watani msibani: "Twangeni, walafi! Mmekuja kumlilia mtoto au kumlilia mbuzi?" Bwana Nandonde alibaki nje ya ua wa mabua kwa heshima. Bi Asumini alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, amejifunga kanga ya kupikia. "Shikamoo, somo." "Marahaba. Umekuja mapema, umefanya vizuri, shika mwiko." Nikamwomba tuzunguke nyuma ya jiko. Aliponitazama usoni alijua. Nilisema yote kama nilivyoyaona, na habari ya kola, vibaya, nikichanganya. Alisikiliza hadi mwisho, akiwa ameshika mwiko.

"Ulisema havifanani," alisema. "Sasa unasema ni kimoja. Vinageuka vidudu vyenu, au mnageuka ninyi?"

Nikamwita Bwana Nandonde. Aliingia ameinama, akaamkia, akasimama mbali kidogo. Bi Asumini hakumkaribisha. Aliuliza moja kwa moja. "Kilichokuwa ndani ya Zuhura ndicho kilichomo ndani yangu?" "Ndicho, mama." "Nani alimpa mwenzake?" Bwana Nandonde akajibu, "Kipimo hakisemi, mama. Inawezekana kilitoka kwako kikaenda kwake. Inawezekana kilitoka kwake kikaja kwako, ulikuwa unamwosha. Inawezekana wote mmekipata kwa mtu mwingine, pale bakulini. Mimi najua ni kimoja. Zaidi ya hapo nikisema nitakuwa naongopa." Uani walikuwa wanaimba, na michi inafuata wimbo. Bi Asumini alitutazama mmoja mmoja. "La kuniponya mlikuja mmoja," alisema. "La kuniua mmekuja wawili." Bwana Nandonde akasema, "Ndiyo, mama. Na tunakuomba kesho usishike chakula."

Alizunguka jiko, nasi nyuma yake. Aliweka mwiko kwenye jiwe, akafungua kanga ya kupikia, akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, akampa mdogo wake. Kisha akaenda akakaa mkekani, upande wa wageni. Michi ilisimama mmoja baada ya mwingine. Mtani ndiye aliyepata sauti: "Haa! Mpishi kakaa mkekani! Leo kaolewa?" Bi Asumini akasema, na sauti yake ilifika mpaka njiani, "Leo mimi mgeni. Pikeni ninyi. Na mkiunguza nitalalamika kama wageni wanavyolalamika." Wakacheka. Wakadhani ni huzuni ya mtoto. Lakini kesho yake, baada ya hitima, masinia yalipoletwa na wanawake wakakaa kwa makundi, yeye aliomba chakula chake kwenye bakuli la peke yake, akala pembeni, mgongo ukutani. Kwetu mtu hali peke yake kwenye hitima. Niliona wanawake wanatazamana juu ya sinia. Kabla chai haijaletwa mji mzima ulikuwa unajua.

Hoteli haikuhitaji kufungwa na bwana afya, ingawa alikuja akaifunga. Watu walikuwa wameshaacha kuja. Mama wa mtoto mmoja kati ya waliopona alisimama mbele ya kibanda akasema maneno ambayo siwezi kuyaandika, na Bi Asumini alimsikiliza amesimama, mpaka akachoka. Alipewa dawa. Daktari alikuwa ameshaonya kwamba kwa mtu asiyeumwa dawa mara nyingi haisaidii, ni kungoja tumbo lijisafishe na kupima tena. Nilipeleka kopo, alilipokea, akaliweka darini. Nikipanda kumwamkia aliitikia, akaendelea na alichokuwa anafanya. Kwa miezi yote ile hakuniambia neno la zaidi. Mwanangu alipopata surua alimtuma mdogo wake aje na uji, yeye hakuja. Kazini nilikuwa naosha vioo, na Bwana Nandonde hakuniuliza, ila siku moja tulipokuwa tunakula alisema, kama anayeongea na muhogo, "Ningengoja kifurushi." Ni neno pekee nililowahi kumsikia akisema juu ya jambo lile. Nilikuwa nafikiri kama angengoja, somo yangu asingelala ule usingizi wa mchana, na mpaka leo sijui kama ningetaka alale au asilale.

Mikorosho ilipoanza kutoa maua, niliinua kichwa kwenye beseni la vioo nikamwona dirishani, upande wa nje wa wavu. Alikuwa ameshuka kwa lori la chumvi, vumbi limemjaa. Wagonjwa kwenye benchi walimpisha. Aliweka kopo kwenye kizingiti cha dirisha, lile nililompelekea, limefungwa kwa plastiki na uzi. "Pima," alisema. "Ukishapima, kigeuze, upime tena. Usiniletee neno moja." Akaondoka kabla sijafuta mikono.

Tulipima. Daktari alitaka choo cha siku nyingine, kisha cha nyingine tena, na safari zote alishuka mwenyewe, akaweka dirishani, akaondoka. Nilimimina sahani zile kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia kwa kitu chochote, nikazitazama asubuhi na jioni. Viliota vijidudu vya kawaida vya tumbo la kila mtu. Kile hakikuota. Bwana Nandonde alipanda tena, kwa supu nyingine, akangoja, akatazama, akaniambia, "Nenda." Nikamwuliza kama tunakwenda wote. Alifikiri. "Hili nenda wewe."

Nilimkuta uani, amekaa na ungo wa mbaazi mapajani. Niliamkia, akaitikia. Nikasema, "Hakipo, somo."

"Umekigeuza?"

"Hakuna cha kugeuza. Hakikuota. Tumepanda mara zote tatu, na Bwana Nandonde akarudia. Choo chako hakina."

Aliokota kokoto kwenye mbaazi, akaitupa. "Kwa sasa?" aliuliza.

"Kwa sasa," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa, polepole. Aliendelea kuchambua kwa muda, kuku wakija kuangalia alichotupa. Kisha akaniuliza, bila kuinua uso, "Na Zuhura?"

Nilikuwa nimelijua swali hilo tangu nilipopanda gari, na njia nzima nilijaribu kutengeneza majibu, nikayatupa yote. "Hilo hatulijui, somo," nilisema. "Na hatutalijua."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Nilidhani ataniambia niondoke. Alisogea kidogo kwenye mkeka, akauteremsha ungo mapajani, akauweka chini katikati yetu. Nikakaa. Tulichambua mbaazi mpaka zikaisha.